Kumpokea mwanafunzi wa kigeni wa sekondari nyumbani kwako Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila shule au klabu inapotafuta familia ya kumpokea kijana kutoka nje, maswali huwa yaleyale: nani atalipa, atakula nini, akiugua itakuwaje, majirani watasemaje. Nimeyakusanya hapa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili nchini mwetu, kuanzia huku Jinja ninakoishi hadi Bombo, Arua, Kasese na Kisenyi ya Kampala. Nimeshawapokea vijana nyumbani kwangu Walukuba na nimezisaidia familia nyingine kujiandaa. Pale ninapokuwa na msimamo nitausema wazi, maana mtoto wa watu si jambo la kuzungukazunguka.

Mwanafunzi wa kubadilishana ni nani hasa?

Ni kijana wa sekondari, kwa kawaida wa miaka 15 hadi 18, anayekuja kuishi na familia ya hapa na kusoma shule ya hapa kwa muhula mmoja au mwaka mzima, kisha anarudi kwao kuendelea na masomo. Mpango wa klabu za Rotary, kwa mfano, huwachukua walio kati ya miaka 15 na 19. Shirika la AFS lilianza na madereva wa kujitolea waliobeba majeruhi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya Vita vya Pili likageukia kupeleka wanafunzi kuishi na familia za nchi nyingine.

Usimchanganye na mtalii, wala na wale vijana wakubwa wanaokuja kujitolea kwenye vituo vya watoto yatima. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa sheria ya Uganda, na wewe ndiye mlezi wake kwa muda wote atakaokuwa kwako. Wala usidhani lazima awe mzungu. Anaweza kutoka Japani, Brazili au Ghana, na anaweza kutoka hapa jirani pia.

Je, familia inalipwa?

Hapana. Katika mipango kama ya Rotary na AFS familia inajitolea. Wazazi wa mwanafunzi au mpango wenyewe hubeba tiketi ya ndege, bima ya afya, gharama za shule na pesa zake za mfukoni. Wewe unatoa kitanda, chakula na malezi. Kabla hajafika, kaeni na mratibu wa mpango muandike nani atalipa ile orodha ya mahitaji ambayo shule zetu hutoa kila muhula: rimu za karatasi, mifagio, karatasi za chooni na kadhalika. Wazazi wa nje hawaijui orodha hiyo na mara nyingi hakuna aliyewatajia. Ukikaa kimya, itakuangukia wewe asubuhi ya siku ya kufungua shule.

Hapa kuna jambo wengi hulikwepa. Zipo familia zinazompokea mtoto huku macho yakiwa kwa wazazi wake: huenda watamlipia kijana wetu ada, huenda watatutumia mwaliko wa Ulaya. Nakuomba, kama hilo ndilo lililokusukuma, usimpokee. Mtoto hugundua upesi sana. Akishagundua, kila sahani ya chakula unayompa anaanza kuiona kama deni, na kila tabasamu lako analitafutia sababu. Ada inatutesa wengi, najua. Lakini binti wa miaka 16 si mahali pa kuipeleka shida hiyo. Na kukubali wewe peke yako hakutoshi. Kaa na nyumba nzima, pamoja na shangazi na wajomba wanaopenda kupita jioni, mkubaliane kwamba hakuna atakayemwomba simu, pesa wala barua ya mwaliko. Mwambie naye mwanafunzi siku ya kwanza: yeyote akikuomba kitu, hata kama ni ndugu yangu, niambie mimi.

Nyumba yetu ni ndogo na hatuna maji ya moto. Tutakubaliwa?

Inawezekana kabisa. Linalotakiwa ni kitanda chake peke yake, chandarua, mahali pa kufungia vitu vyake na mahali pa kusomea. Anaweza kulala chumba kimoja na mtoto wako wa jinsia moja naye wanaokaribiana umri. Hawezi kulala sebuleni kila mtu anapopita, wala kuchangia chumba na mtu mzima.

Maji ya moto hayana shida: birika, beseni, basi. Jambo la lazima ni mlango wa bafu unaojifunga kwa ndani. Kama bafu lenu la nje lina pazia tu, fundi aweke mlango na komeo kabla mgeni hajafika.

Watatuchunguza?

Ndiyo, na ushukuru. Watakuja kuiona nyumba, watazungumza na kila anayeishi humo, watataka watu wa kuwathibitisha, na wataomba hati ya polisi ya mwenendo mwema, ambayo kwa Uganda hutolewa na kitengo cha Interpol. Mpango usiouliza lolote na ulio tayari kukuletea mtoto wiki ijayo, ukatae. Kama hawakukuchunguza wewe, hawakumchunguza yeyote.

Anahitaji vibali gani?

Pasipoti yenye uhai usiopungua miezi sita, cheti cha chanjo ya homa ya manjano (achanjwe angalau siku 10 kabla ya safari), na kibali cha mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji. Viza ya utalii si ya kusomea. Kibali kinaombwa kwa mtandao, na barua ya shule ya kumpokea ni miongoni mwa karatasi za lazima, kwa hiyo shule itangulie kupatikana. Wanaotoka Kenya, Tanzania, Rwanda au Burundi hawahitaji viza ya kuingia, ila kusoma ni jambo lingine na kibali kinabaki pale pale.

Wewe baki na nakala za karatasi zake zote, pamoja na barua ya wazazi wake iliyosainiwa inayokuruhusu kumpeleka hospitali na kukubali matibabu. Hiyo barua ndiyo watu husahau, halafu inatafutwa usiku wa manane.

Je, ni lazima nimjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji au mtaa?

Mjulishe, tena wiki ya kwanza. Nenda na mwanafunzi kwa miguu, aandikwe kwenye daftari la kijiji, mwenyekiti amwone uso na yeye amjue mzee. Siku likitokea lolote, la ugonjwa, la wizi au la kupotea njia, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenyekiti. Akisema "huyo ni mtoto wa nyumba fulani, namjua", nusu ya tatizo imekwisha. Na kama nyumba ni ya kupanga, mwambie pia mwenye nyumba.

Aingie darasa gani, na lini?

Swali hili linahitaji subira, kwa sababu kalenda zetu hazilingani. Kwao, hasa Ulaya na Marekani, mwaka wa shule unaanza Agosti au Septemba. Kwetu unaanza mwanzoni mwa mwaka na kwisha kuelekea Desemba, mihula mitatu. Kwa hiyo anayefika kipindi hicho anadondokea muhula wa tatu, wakati shule nzima imeelekeza akili kwenye mitihani ya UNEB, baraza letu la mitihani la taifa: kidato cha nne wanafanya UCE Oktoba na Novemba, kidato cha sita wanafuata na UACE. Walimu wamechoka, michezo imepunguzwa, na hakuna mwenye nafasi ya kumwonyesha mgeni maktaba iko wapi. Halafu mara Desemba, likizo ndefu, na Februari marafiki aliowapata wamepanda darasa.

Ushauri wangu ni kumweka kidato cha pili au cha tatu, ambako hakuna mtihani wa taifa unaomkabili mtu mwaka huohuo, na mwezi Februari apande pamoja na wenzake. Wa kidato cha tatu watakuwa watahiniwa wakati huo, lakini yeye atakuwa anakaribia kurudi. Kidato cha tano kinamfaa aliyezidi miaka 17, ila kumbuka wanafunzi wapya wa kidato hicho huingia baada ya matokeo ya UCE kutoka, hivyo darasa linachelewa kujaa. Yeye hatafanya mtihani wa UNEB. Anachohitaji ni barua ya mahudhurio na ripoti za mihula yenye muhuri, na shule ya kwao ikubali kwa maandishi, kabla hajapanda ndege, jinsi itakavyoupokea mwaka huo.

Tafuta shule yenye wanafunzi wa kutwa. Shule zetu nyingi nzuri ni za bweni, na mtoto akiingia bwenini utamwona siku ya kutembelewa na wakati wa likizo tu. Hapo familia ya kumpokea ya nini?

Shule itamnyoa nywele?

Uliza mapema, uliza kwa mwalimu mkuu mwenyewe, na upate jibu kwa maandishi. Shule nyingi za Uganda zinataka wasichana wakate nywele ziwe fupi kabisa. Baadhi humruhusu mgeni afunge nywele zake nyuma, nyingine hazina mjadala. Binti akijua akiwa kwao, ataamua. Akijulishwa getini siku ya kuripoti, utakaa naye analia ndani ya gari na shule itakuwa imeanza vibaya.

Papo hapo uliza habari ya viboko. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekataza adhabu ya viboko shuleni, lakini sote tunajua fimbo haijatoka katika kila ofisi ya mwalimu wa nidhamu. Mwambie mwalimu mkuu bila kupindisha maneno kwamba huyu hachapwi. Ukishafika hapo, muulize pia kuhusu watoto wako.

Tuzungumze naye lugha gani?

Kiswahili nyumbani, tangu asubuhi ya kwanza. Shuleni atapata Kiingereza cha kutosha, na sokoni atajifunza Kisoga au Kiganda apende asipende. Familia nyingi hukimbilia Kiingereza kwa kumhurumia, na mwaka unakwisha anajua "asante" na "karibu" tu. Miezi miwili ya kwanza ni migumu, mnaonyeshana kwa vidole, kisha siku moja mezani anasema sentensi nzima na hakuna aliyetambua ilianza lini.

Baadhi ya majirani watashangaa kwa nini humfundishi Kiganda, kwa sababu hapa Uganda Kiswahili kilibebeshwa kwa miaka mingi jina la lugha ya askari na majambazi. Mambo yamebadilika. Mwaka 2005 Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kijana anayerudi kwao na Kiswahili anaweza kuzungumza na watu kuanzia Mombasa hadi Kisangani. Kwangu mimi hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote tunazoweza kumpa.

Atakula nini?

Mnachokula. Matoke, posho na maharage, wali, dodo (mchicha), mchuzi wa karanga, mukene (dagaa), chapati. Wengi huanza na rolex ya njiani, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, na hawaiachi mpaka wanaondoka. Asiyekula nyama hana tabu hapa, kwa maharage na karanga zetu atashiba vizuri. Mwenye mzio, hasa wa karanga, ni habari tofauti kabisa: jiko letu limejaa karanga zilizosagwa, na mara nyingi hazionekani ndani ya mchuzi. Soma fomu yake ya afya kabla hujasema ndiyo. Maji ya kunywa yachemshwe.

Usipike vyakula vya kizungu kila siku kwa kumwonea haya. Ni gharama, na unamfundisha kwamba chakula cha wenzake si chake.

Je, afanye kazi za nyumbani?

Afanye, tena mapema. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kwa mgeni wa ng'ambo jembe hilo hatulitoi. Siku ya tatu bado tumemkalisha kwenye kochi, ya kumi bado dada wa kazi anamfulia, na watoto wa nyumbani wanaosha vyombo huku wakimtazama. Chuki ya watoto huanzia hapo. Hawamchukii yeye, wanachukia kwamba sheria za nyumba zina mlango wa pembeni.

Binti mmoja tuliyempokea kutoka Ujerumani hakuwa amewahi kufua kwa mikono. Zaina, binti yangu, alimkalisha nyuma ya nyumba na mabeseni mawili na kipande cha sabuni ya mche, akamwonyesha kwenye shati la shule: kola kwanza, kisha makwapa, unashika kitambaa kwa mkono wa kushoto karibu kabisa na kiganja na kukisugua kwa kisigino cha mkono wa kulia, mpaka kilie. Kama hakilii, hujafua. Walikaa hapo mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Shati lile lilibaki na mstari wa kahawia kwenye kola, Zaina akalirudisha kwenye beseni bila kusema neno, na mwenzake akaanza upya. Tangu siku hiyo waliacha kuzungumza kama mwenyeji na mgeni.

Kwa hiyo: atandike kitanda chake, aoshe vyombo kwa zamu, afue nguo zake. Za ndani hasa anafua mwenyewe, na umwambie, kwa sababu kwao zote huingia kwenye mashine na hajui kwamba hapa hazipewi mtu mwingine. Kuwasha sigiri na kubeba jerikani ajifunze pole pole, mtu akiwa karibu. Asigeuzwe mfanyakazi wala yaya wa watoto. Kipimo ni rahisi: kile anachofanya mwanao wa umri wake.

Apige magoti anaposalimia wazee?

Huku Busoga, na Buganda pia, wasichana hupiga magoti kusalimia wakubwa. Mweleze maana yake, mwache awaone dada zake wanavyofanya, kisha achague mwenyewe. Wengine hupiga magoti kwa furaha, wengine huinama kidogo na kutoa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, na wazee wameridhika. Kumlazimisha hakuleti heshima. Nyumbani atuite Mama na Baba, au Mama Fulani kama majirani, lakini asituite majina yetu matupu. Hili nalisimamia, kwa sababu jina analokuita linawaambia watoto wengine yeye ni nani humu ndani.

Sisi ni Waislamu na yeye si Mwislamu. Itawezekana?

Ndiyo. Iandike kwenye fomu ili aje akijua. Sheria za nyumba zinamhusu: nguruwe na pombe haviingii, mavazi ya staha. Ibada haimhusu. Asilazimishwe kufunga Ramadhani, wala asishawishiwe kusilimu. Akitaka kwenda kanisani Jumapili, mtafutie mtu wa kumsindikiza. Hayo hayo nayasema kwa familia za Kikristo zinazompokea Mwislamu. Wengi huomba wenyewe kujaribu kufunga siku chache, na futari huwa ndiyo meza wanayoikumbuka zaidi.

Watu watamfuata wakiita "mzungu". Nifanye nini?

Kwa mtoto wa rangi tofauti hili ndilo zito kuliko yote, kuliko chakula, kuliko choo cha nje. Anatoka asubuhi na sare kama wenzake, na kabla hajafika stendi ameitwa mara kumi na ameombwa pesa mara tatu. Hakuna ubaya mkubwa mioyoni mwa wanaoita, lakini yeye hapati dakika moja ya kuwa mtu wa kawaida. Wiki ya kwanza anacheka. Mwezi wa pili hataki kutoka nje.

Dawa yake ni kumpa mtaa jina la kumwitia. Mpeleke mwenyewe dukani, kwa fundi cherehani, kwa mama wa nyanya, kwa vijana wa boda. Usiseme "huyu ni mgeni wetu kutoka Ujerumani". Sema "huyu ni binti yangu, yuko kidato cha tatu, akisumbuliwa niite". Kisha mtume dukani peke yake, kila siku, kitu kidogo kidogo: chumvi, kiberiti, vitunguu. Yule binti wetu, muuza chapati wa pale stendi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita "binti wa Mama Zaina". Watoto waliokuwa wakimfuata walimsikia, wakaanza kumwita hivyo hivyo, na baadaye mgeni wa mtaa alipoita "mzungu" wao ndio walimkosoa.

Na sisi wenyewe tusimfanye pambo. Asipelekwe kila harusi ili akalishwe meza ya mbele, asibebeshwe hotuba kwenye kila sherehe ya shule, na picha zake zisiwekwe mtandaoni bila ruhusa yake na ya wazazi wake.

Kijana Mwafrika anayetoka nchi jirani naye ana shida?

Anayo, ila haionekani. Kijana wa Kenya au Tanzania watu humwona ni wa hapa, kwa hiyo hakuna anayemweleza chochote, na akikosea anaitwa hana adabu. Mtunze kwa uangalifu uleule.

Apande boda?

Mipango mingi hukataza, nami nakubaliana nayo. Mpangie matatu ya kuaminika au atembee na wenzake. Kuendesha chombo chochote cha moto ni marufuku katika mipango karibu yote, pamoja na pombe, dawa za kulevya na mapenzi.

Aogelee Nile au ziwani?

Hapa Jinja kila kijana anataka mto. Maji ya ziwa na ya mto yana kichocho: minyoo yake huishi kwanza ndani ya konokono wa majini kisha huingia mwilini kupitia ngozi, hasa pale kwenye maji yaliyotulia na majani ukingoni. Mtoto wa kigeni hajui, anaona maji mazuri. Asiingie. Ile safari ya maboti ya mpira kwenye maporomoko inahitaji ruhusa ya wazazi wake kwa maandishi na ruhusa ya mpango. Aliyegusa maji hayo apimwe wiki kadhaa baadaye. Dawa ya kichocho ipo na inafanya kazi.

Akiugua?

Homa yoyote ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na apimwe siku hiyohiyo. Mwili wake haujawahi kukutana na malaria kama miili yetu, kwa hiyo ile desturi ya kumeza panadol na kungoja kesho haimfai, inaweza kumuua. Hata kama anameza dawa za kinga kila siku, apimwe. Alale ndani ya chandarua kila usiku, na wewe uhakikishe kimechomekwa chini ya godoro.

Akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Juu ya ukuta wa jikoni andika namba ya mratibu, ya bima na ya hospitali mnayoitumia. Wazazi wake wajulishwe na wewe au na mratibu kabla hawajasoma habari kwenye ujumbe wa mtoto.

Simu na intaneti?

Shule nyingi haziruhusu simu, basi ibaki nyumbani. Wajulishe wazazi wake kwamba Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na kwamba uchaguzi wa mwaka ule intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Wawe na namba yako ya kawaida ya simu ili kimya cha WhatsApp kisiwatie hofu. Kuzungumza na kwao kila usiku kunamchelewesha kuzoea; mara moja kwa wiki inatosha, na nyakati za majonzi zaidi.

Amejifungia chumbani na analia. Tumemkosea nini?

Huenda hakuna. Wiki za mwanzo kila kitu ni kipya na kinapendeza, halafu katika mwezi wa pili au wa tatu unakuja mchoko: lugha haijakaa, marafiki hawajawa marafiki, kwao wanasherehekea sikukuu bila yeye. Usimjazie maswali wala usiite kikao cha ukoo. Mwite jikoni akumenyee matoke. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Kama hataki kula, hapati usingizi, au anazungumza kukata tamaa ya maisha, mpigie mratibu siku hiyo na mtafute daktari.

Akisema kuna mtu amemgusa vibaya?

Mwamini, mtoe mahali alipo mtu huyo, na umpigie mratibu saa hiyohiyo. Usimwite mtuhumiwa mkae mezani, usikubali wazee wapatanishe, usipokee fidia. Polisi wana kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, na namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure. Nasema hivi hata kama mtuhumiwa ni kaka yako. Kabla hajafika, weka sheria: hakuna mwanamume mkubwa anayeingia chumbani kwake, na ndugu anayekuja amelewa halali hapo.

Na kama hatupatani kabisa?

Sema mapema. Kuhamia familia nyingine ni jambo la kawaida katika mipango hii. Ya Rotary hupanga familia zaidi ya moja tangu mwanzo. Hakuna aibu. Aibu ni kununiana miezi sita kwa kuogopa maneno ya watu.

Tukienda kijijini likizo ya Desemba twende naye?

Twende naye, mratibu akijua. Msiba, kasiki (sherehe ya kabla ya harusi), mavuno, chochote kitakachotokea. Apate chandarua na maji ya kunywa, mengine ataishi kama wenzake.

Anakaribia kuondoka. Kuna la kufanya?

Chukua ripoti na barua shuleni wiki mbili kabla, kwa sababu muhuri wa shule una tabia ya kusafiri na mwalimu mkuu. Hakikisha kibali chake hakiishi kabla ya tarehe ya ndege. Mpeleke akawaage watu mmoja mmoja, mwenyekiti, mama wa nyanya, walimu. Watoto wako waandalie siku chache za kununa, hasa aliyechangia naye chumba. Na mkumbushe, yeye na wazazi wake: akipata homa miezi michache baada ya kufika kwao, amwambie daktari kabla ya kitu kingine chochote kwamba alikuwa anaishi Uganda, apimwe malaria. Huko madaktari wengi hawaiwazii mpaka watajiwe.